TEKE LA BUNDUKI, NA RISASI IMFAAYO MWANAFUNZI WA KUWINDA

Wasikilizaji, jioni ya leo nitasema habari ya jambo ambalo kila mtu aliyepata kupiga bunduki alijua kwa bega lake, ila ni wachache walioketi kulifikiri. Bunduki ikilia, kichwa cha risasi huenda mbele na kitako huja nyuma kwa nguvu. Msukumo huo wa begani ndio uitwao teke. Watu wazima hulicheka, na pengine humpa kijana bunduki kubwa makusudi ili waone atakavyopepesuka. Mchezo huo huwa na hasara, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza tujue teke latoka wapi. Mtu aliyepata kusafiri kwa mtumbwi huko Matema, katika Ziwa Nyasa, ameona kwamba ukiruka kutoka mtumbwini kwenda pwani, mtumbwi hurudi nyuma ziwani. Wewe wasukuma mtumbwi, na mtumbwi wakusukuma wewe. Mwingereza Isaac Newton aliiandika kanuni hii mwaka 1687, na bunduki huifuata vivyo hivyo. Baruti iwakapo hugeuka kuwa hewa ya moto yenye nguvu nyingi; hewa ile hukisukuma kichwa cha risasi mbele katika mtutu, na huisukuma bunduki nyuma kwa kipimo kile kile. Bunduki haiendi mbali kwa kuwa ni nzito, na kwa kuwa bega lako laizuia.

Tuchukue hesabu ndogo. Wanafunzi waweza kuifanya kwa kalamu. Askari wa zamani wa King's African Rifles walichukua bunduki ya .303, yenye uzito wa kilo 4 hivi. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 11.3, nacho kilitoka kwa mwendo wa mita 744 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa mwendo, kisha gawanya kwa uzito wa bunduki: utaona kwamba bunduki yarudi kwa mwendo wa mita 2.1 kwa sekunde, bila kuhesabu hewa ya baruti ambayo huongeza tena. Sasa tuseme kichwa cha risasi ni gramu 8, na mwendo wake ni mita 600. Bunduki ile ile itarudi kwa mwendo wa mita 1.2 tu. Tena nguvu ya pigo haifuati mwendo peke yake, bali mwendo uliozidishwa kwa mwendo. Kwa hiyo pigo la pili ni kama theluthi moja ya lile la kwanza. Mtu mzima huenda asijali tofauti hiyo, lakini kijana mwenye mwili mdogo ataijali sana.

Sasa, hasara yenyewe ni nini? Maumivu ya bega hupona. Hofu ndiyo isiyopona upesi. Kijana aliyepigwa teke mara mbili tatu hujua kwamba pigo laja, na mwili wake hujitayarisha bila kumwuliza: hufumba macho, hukaza bega, na huvuta kifyatulio kwa pupa. Mtutu huinama kabla risasi haijatoka. Yeye mwenyewe hana habari. Ataapa kwamba alilenga vema na kwamba bunduki ndiyo mbovu.

Wapo walimu wa shabaha wenye hila njema ya kumwonyesha. Mwalimu huichukua bunduki, na kijana asipotazama, hutia ndani risasi ya bandia isiyo na baruti wala fataki. Kijana hulenga na kuvuta. Bunduki hailii, lakini mtutu hushuka ghafula kama mtu aliyesinzia. Hapo hakuna ubishi tena, kwa kuwa ameona kwa macho yake kwamba aliyetikisa bunduki ni yeye.

Mnyama aliyepigwa na mtu wa namna hiyo hafi papo hapo. Hupigwa tumboni au mguuni, akakimbilia kichakani akiwa na jeraha, akafa polepole mahali asipoonekana. Nyama imepotea na mnyama ameteswa bure. Tena ipo hatari kwa watu. Pongo dume ni mnyama mdogo apendezaye macho, lakini akijeruhiwa na kuzingirwa hupigana kwa pembe, na mbwa wengi wameuawa naye. Habari za nguruwe-mwitu aliyejeruhiwa sina haja ya kuwaeleza watu wa Rungwe.

Katika Marekani jambo hili limeshughulikiwa sana, kwa maana huko vijana wengi huanza kuwinda pamoja na baba zao wakimtafuta ayala. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo. Ayala hafanani na pongo wala funo wetu, kwa kuwa pembe zake zina matawi, nazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Katika Afrika nzima ayala wa asili wako upande wa kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Basi baba wengi huko hujaza risasi kwa mikono yao wenyewe nyumbani. Ganda la shaba lililokwisha kulia husafishwa na kurudishwa katika umbo lake. Fataki iliyokufa hutolewa, mpya hutiwa. Baruti hupimwa kwa mizani midogo kama ile ya sonara. Kisha kichwa kipya hukazwa mdomoni mwa ganda. Kwa ajili ya kijana, baba huchagua kichwa chepesi na kupunguza baruti. Risasi hiyo haifai kwa mbali, lakini katika mita 100 au pungufu yatosha kabisa kumwua ayala, iwapo imepiga penye moyo na mapafu.

Mtu asidhani ya kuwa baruti hupunguzwa kwa kukisia. Kuzidisha baruti hupasua bunduki. Hilo kila mtu alijua. Ajabu ni kwamba kupunguza mno nako kuna hatari. Risasi dhaifu yaweza kukwama katikati ya mtutu. Mpigaji asipojua akapiga nyingine nyuma yake, mtutu hupasuka usoni pake. Tena baruti za namna nyingine, zile ziwakazo polepole, zikiwa chache mno ndani ya ganda kubwa huwaka kwa namna isiyotabirika. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa baruti hutoa vitabu vya vipimo. Kampuni ya Hodgdon ya Marekani, kwa mfano, husema kwamba baruti yake iitwayo H4895 yaweza kupunguzwa hata asilimia 60 ya kipimo cha juu kilichoandikwa, wala si chini ya hapo. Nao hawasemi hivyo juu ya kila baruti.

Hapa nakumbuka gobori. Wazee wetu walishindilia baruti kwa mdeki, kila mtu kwa kipimo cha mkono wake, na wengi waliamini kwamba gobori lipigalo teke kali ndilo liuwalo vizuri. Imani hiyo imewaondolea watu vidole na macho. Teke kali ni habari ya baruti iliyotiwa tu. Haliwezi kukuambia risasi imekwenda wapi.

Kwetu Tanzania mtu haruhusiwi kujitengenezea risasi nyumbani apendavyo. Ipo sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na mawindo nayo yana sheria yake ya mwaka 2009. Bunduki, risasi na mnyama, vyote hutaka kibali. Lakini teke hupunguzwa kwa njia nyingine zisizohitaji baruti. Bunduki nzito hupiga teke dogo kuliko nyepesi, hata kama risasi ni moja. Kitako kikiwa kirefu mno kwa mikono ya kijana, hukaa pembeni ya bega na kumwumiza. Kikifupishwa na kutiwa mpira mwishoni, pigo huenea na kupungua. Masikio yazibwe, maana nusu ya hofu ni mlio. Na mazoezi yaanze kwa bunduki ndogo ya .22, ambayo kichwa cha risasi yake ni gramu 2.6 tu na teke lake karibu halisikiki.

Asiyeamini kwamba bunduki isiyo na kishindo yaweza kazi, na asikie habari za W. D. M. Bell. Mskoti huyu alizaliwa mwaka 1880, akaja Afrika ya Mashariki angali kijana, kisha akawinda tembo katika Karamoja, Uganda. Aliua zaidi ya tembo 1,000, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona kama ya watoto. Siri yake ni kwamba alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Simsifu kwa wingi wa tembo wale, wala mtu asimwige. Leo sheria za nchi nyingi za Afrika hutaka bunduki kubwa kwa wanyama wakali, nami naona ni haki. Nataja shabaha yake tu.

Kijana wa Tukuyu ana sababu moja zaidi ya kutofumba macho. Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi, na ndani yake yumo kipunji, kima ambaye wataalamu walimtambua mwaka 2003 tu, ingawa Wanyakyusa walikuwa na jina lake zamani. Kipunji ni wachache sana duniani, nao pengine hutoka msituni wakaingia mashambani. Wakati wa ukungu, mtu mwenye hofu ya teke, atakaye kumaliza upesi, hatatazama vema kama aliye mbele yake katika mahindi ni nyani, ni kipunji, au ni jirani aliyeinama akipalilia.

Kijana akiisha kuzoea, mwongezeeni nguvu ya risasi kidogo kidogo. Naye atashangaa siku ya mawindo yenyewe, kwa kuwa wawindaji karibu wote husema kwamba mnyama akiwa mbele yao, mlio huusikia kwa mbali, na teke hawalikumbuki kabisa.