Mama Mkubwa Aende Wapi?

Mwezi huu naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalijadili chumbani kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Mzee wetu akifika mahali hawezi tena kukaa peke yake, aende wapi?

Naanza na langu. Mama Mkubwa ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la nne, mama yangu mzazi alipofariki. Hakujaaliwa mtoto wa kumzaa, kwa hiyo mimi na kaka yangu ndio watoto wake. Mwaka juzi, akiwa na miaka 78, alipata kiharusi nyumbani kwake Tanga. Alipotoka hospitali, upande wa kushoto ulikuwa hauna nguvu. Tukamleta Dar, kwetu Tabata. Hakukuwa na mjadala. Mtu aliyekubeba mgongoni utamwambia nini?

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Halafu maisha ya mjini yakatukamata, si unajua tena. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi foleni, mume wangu vivyo hivyo. Nyumbani anabaki dada wa kazi, binti wa miaka 19. Anapika, anafua, anampokea mtoto kutoka shule, na juu ya yote hayo anamnyanyua mzee wa kilo sabini kumpeleka chooni.

Siku moja nikarudi saa tatu usiku. Nikamkuta Mama Mkubwa amekaa kwenye kiti kile kile nilichomwacha asubuhi. Chai yake ipo mezani, imeshika utando juu. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Pole na kazi, mwanangu." Niliingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie nikilia.

Usiku ule mume wangu ndiye aliyelitamka. "Mke wangu, tutafute sehemu yenye watu wa kumwangalia." Jamani, nilimjia juu! Nilimuuliza kama angekuwa mama yake mzazi angethubutu kusema hivyo. Siku nne tulilala tumepeana migongo.

Kumpeleka ni kumtupa?

Nikiwa mkweli, kilichonikera si wazo lenyewe. Niliogopa watu watasema nini. Na kweli walisema. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mjomba mmoja aliandika kwamba kutupa wazee ni tabia za Wazungu. Mjomba huyo huyo, tangu Mama Mkubwa aje Dar, hakuwahi kufika hata kumpa pole.

Ukweli ni kwamba makao ya wazee si kitu kigeni kwetu. Serikali ina makazi yake miaka mingi sasa: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Bukumbi Mwanza, na kwa upande wa Zanzibar yapo ya Welezo. Ila hayo yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na ndugu wala uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba familia ndiyo msingi wa kumtunza mzee, na kumpeleka kwenye makao iwe hatua ya mwisho.

Nilipomwendea ofisa ustawi wa jamii hakuzunguka. "Dada, wewe una kazi na mumeo ana kazi. Nafasi ile ni ya asiye na mtu." Akanishauri niangalie vituo binafsi na vya taasisi za dini, na akasisitiza nihakikishe kwanza kimesajiliwa. Nikaanza kutafuta. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na karibu 6 katika kila 100 walikuwa na miaka 60 au zaidi. Vituo nilivyovipata mimi vilihesabika kwa vidole.

Nilidanganywa na vigae

Kituo cha kwanza kilinimaliza. Vigae vinang'aa, maua getini, runinga kubwa ukutani, meneja kavaa suti. Nilikuwa tayari kutoa pesa ya kushikia nafasi siku ile ile. Mume wangu akaninong'oneza, "Turudi siku nyingine, bila kuwaambia."

Tukarudi Jumatano saa tano asubuhi. Wazee kumi na mmoja wamepangwa mstari mbele ya runinga, inapiga bongo fleva kwa sauti kubwa. Hakuna anayezungumza na mwenzake. Bibi mmoja anaomba maji, mhudumu anampita huku anachezea simu. Nikamuuliza yule mhudumu, bibi huyu anaitwa nani? Akajibu, "Yule? Ni wa kitanda cha sita."

Tuliondoka.

Kituo cha pili kiko nje ya mji. Sakafu ya saruji, bati la zamani, na kwa kweli nilipofika moyo ulishuka. Lakini chini ya mwembe kulikuwa na bibi watatu wanachambua mchicha, na mzee mmoja anabishana na mhudumu kuhusu Simba na Yanga hadi anapiga fimbo chini. Nesi alinitajia kila mzee kwa jina, dawa anazotumia, na nani kanuniana na nani wiki ile. Nikajua hapa kuna watu.

Ukienda kuangalia, uliza haya

*Usiku.* Mchana kila kituo kinapendeza. Uliza saa nane za usiku kuna wahudumu wangapi macho, na wazee ni wangapi.

*Kugeuzwa.* Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa asaidiwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anapata vidonda vya kulalia. Omba uone daftari wanapoandika.

*Maji.* Mtu akizeeka kiu hupungua, anaweza kukaukiwa na maji mwilini bila kujua. Angalia kikombe kiko wapi: anakifikia, au kiko juu ya kabati?

*Dawa.* Nani anazitoa, na anaandika wapi? Ukiambiwa wazee wanapewa dawa ya usingizi ili "watulie", uliza daktari gani kaiandika.

*Choo na bafu.* Pawe na vyuma vya kushikilia na sakafu isiyoteleza. Mzee akianguka mara moja tu anaweza kuvunjika nyonga na asisimame tena.

*Wageni.* Kituo kinachotaka upige simu kwanza kila unapotaka kuja, jiulize kinajiandaa kwa ajili ya nini.

*Pesa.* Nepi, dawa na usafiri wa hospitali vimo ndani ya ada ya mwezi au vinalipwa pembeni? Ipate kwa maandishi.

Maswali yake matatu

Basi nikarudi nyumbani na daftari langu limejaa majibu, najiona msomi. Mume wangu akaniuliza swali moja tu: "Mwenyewe umemuuliza?"

Nilinyamaza. Mpango wangu ulikuwa kumwambia anakwenda kufanya mazoezi ya mguu kwa wiki mbili. Najua siko peke yangu. Wengi tunawadanganya wazee wetu hivyo, tunawashusha getini na begi, kisha tunashangaa kwa nini wanagoma kula.

Jumapili nikakaa chini kwenye mkeka, mkono wake mzima mkononi mwangu, nikamweleza yote. Hakuuliza bei. Hakuuliza vigae. Aliuliza mambo matatu ambayo hayakuwemo kwenye daftari langu. Ataniosha nani, mwanamke au mwanamume? Adhana nitaisikia? Na nikifa, mtanirudisha Tanga?

La kwanza nilimpigia nesi simu pale pale: wanawake wanaoshwa na wanawake tu. La pili nesi akacheka, msikiti uko jirani, alfajiri wote wanaamka watake wasitake. La tatu lilikuwa langu. Nikampigia kaka Arusha, tukamwahidi sote wawili, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa, kwamba atalala kando ya mama yake.

Ndipo akasema, "Nilijua muda mrefu. Kuta za nyumba yenu nyembamba, mlikuwa mnagombana nasikia. Mimi nimechoka kukaa na runinga, mwanangu. Nataka watu."

Tulikubaliana ajaribu mwezi mmoja, akichoka tunamrudisha bila maswali. Mwezi ulipoisha akaomba mwingine. Sasa ni miezi tisa.

Sitakudanganya kwamba kila kitu ni sukari. Analalamika chakula hakina nazi, na kwa mtu wa Tanga hilo si jambo dogo, kwa hiyo kila Jumamosi nakwenda na nazi zilizokunwa. Gharama tunagawana nusu kwa nusu na kaka, na mpango wa kubadilisha gari tumeuweka kando. Ziko siku nikitoka pale nakaa dakika kumi ndani ya gari kabla ya kuwasha. Lakini nikifika getini ananipokea na habari za mwembeni, nani kasema nini, nani kashinda bao. Kule Tabata hakuwa na la kunisimulia.

Wenzangu mlio wawili, chukueni hili kutoka kwangu: zungumzeni kabla ya kiharusi, kabla ya kuanguka, wakati mzee bado anaweza kujibu mwenyewe. Na kipimo kiwe kimoja kwa mama wa mke na mama wa mume. Mama mkwe wangu yuko Iringa, ana miaka 70 na bado analima. Tulimuuliza sikukuu iliyopita. Alicheka sana, akasema yeye atafia kwenye nyumba yake na jembe mkononi. Sawa, tumeandika. Sasa tunatafuta kijana wa kukaa naye kule kule.

Wako ulimuuliza lini? Tukutane mwezi ujao.