Artesuneti: Kichupa kimoja, vipimo viwili

KUANZIA wodi za Hospitali Kuu ya Pwani hadi zile za Kizingo, kisiwani Mombasa, mwanafunzi wa uuguzi hukariri mambo matano kabla ya kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Lililo rahisi kupuuzwa ni la nne.

Artesuneti, dawa inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa malaria kali, huja ikiwa unga. Kichupa cha kawaida kina miligramu 60. Unga huo huyeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, kisha huongezwa maji ya chumvi: mililita 5 kwa sindano ya mshipa, 2 tu kwa sindano ya msuli. Hivyo kila mililita hubeba miligramu 10 katika hali ya kwanza, na 20 katika hali ya pili.

Mtoto wa kilo 10 huhitaji miligramu 30, kwani walio chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. (Wenye kilo 20 na zaidi, watu wazima pamoja nao, hupewa 2.4, jambo linalowashangaza wengi.) Kwa mshipa ni mililita 3, kwa msuli ni 1.5, ambazo mwongozo huzikweza hadi 2. Dawa iliyochanganywa kwa ajili ya mshipa ikivutwa kwa kipimo cha msuli, mtoto aliyezimia hupata miligramu 20 badala ya 30, na bomba la sindano halionyeshi kosa lolote.

Kwa hiyo kichupa huandikwa njia na saa ya kuchanganywa. Dawa isiyotumika ndani ya saa moja hutupwa. Sindano ya pili hufuata baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kila moja kwa kichupa kipya.