Nyenje Wadogo wa Ardhini: Sifa na Uainisho Wao

Jina nyenje, katika Kiswahili, hukusanya wadudu wengi ambao elimu ya wanyama huwatenga. Miongoni mwao wamo nyenje wadogo wa ardhini, wa kikundi kiitwacho Nemobiinae. Jina hilo lisimpotoshe msomaji: wadudu hawa hawachimbi udongo kama chenene, bali huishi juu yake, katikati ya majani makavu na nyasi.

Sifa zao kuu ni nne. Kwanza, umbo lao ni dogo: wengi hawazidi milimita 12. Pili, ni wa rangi ya kahawia au nyeusi, nao wana vinyweleo vigumu kichwani na mgongoni. Tatu, miguu yao ya nyuma, ambayo ni ya kurukia, ina miiba mirefu. Nne, jike ana mrija mwembamba wa kutagia mayai. Dume ndiye aimbaye, kwa kusuguanisha mbawa za mbele. Masikio yao yamo katika miguu ya mbele.

Zamani kikundi hiki kiliwekwa katika familia ya Gryllidae, pamoja na nyenje wakubwa. Siku hizi huwekwa katika Trigonidiidae.

Ugumu hasa umo katika kutenga spishi na spishi. Huko Marekani, nyenje walioitwa Nemobius fasciatus walifanana mno kwa mwili. Mwaka 1931 B. B. Fulton alionyesha kwamba chini ya jina hilo zilikuwamo nyimbo tofauti. Mmoja wa waimbaji, aliaye polepole kwa milio ya mojamoja katika misitu mikavu, alimpa jina tinnulus. Mwaka 1959 R. D. Alexander na E. S. Thomas waliwatambua kuwa spishi tatu: fasciatus, allardi na tinnulus, ambazo leo zimo katika jenasi Allonemobius.

Sababu yaeleweka: jike huufuata wimbo wa spishi yake. Kama vile pata na bata hutengwa na sauti moja tu, ndivyo sikio lilivyotenga kile ambacho jicho lilikiunganisha.

Katika mazungumzo, kuwaita wote nyenje si kosa. Katika kitabu cha shule, hata hivyo, neno hilo pekee halitoshi. Mtunga istilahi hana budi kuliongezea sifa ya makao au ya mlio, ili mwanafunzi ajue ni mdudu yupi anayesomeshwa.