Fahamu: Je, mafuriko ni adhabu ya Mungu?

Mvua za masika za 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Katika mtaa kama Buruburu, wenye Wakatoliki wa Holy Trinity, Waanglikana wa St James na makanisa mengine tele, swali hili haliepukiki.

Wapo wanaojibu ndiyo, wakitaja gharika ya Nuhu. Lakini katika Luka 13, Yesu alikana kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosefu kuliko wenzao, ingawa hapohapo aliwahimiza wasikilizaji watubu. Marafiki wa Ayubu, waliomlaumu mgonjwa, walikemewa. Paulo, katika Warumi 8, anaona viumbe vyote vikiugua vikingoja ukombozi.

Kuna dhambi isiyohubiriwa sana: mitaro iliyoziba, nyumba zilizojengwa ukingoni mwa mito. Sioni mhubiri atamtwikaje Mungu lawama ya tuta la reli la Mai Mahiu. Kwa maelezo ya wizara ya maji, njia ya maji chini yake iliziba. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yaliyojaa nyuma ya tuta hilo yakalipasua, yakasomba watu wakiwa usingizini.