Tiketi ya Bei Poa na Tarehe ya Kurudi
Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata nguo hukata tiketi ya kwenda na kurudi, ya bei nafuu kadiri inavyopatikana. Kiwanda kikichelewesha mzigo, tarehe ya kurudi haimsubiri. Hapo ndipo masharti ya ile nafuu hujitokeza.

Kwenye tiketi kuna herufi moja ambayo wasafiri wengi huipita bila kuitazama: Y, Q, V na nyinginezo. Hilo ndilo daraja la nauli. Abiria wawili waliokaa viti vya jirani, wakila chakula kilekile, wanaweza kuwa na herufi tofauti na masharti tofauti kabisa. Y kwa kawaida ni nauli kamili, na tarehe yake hubadilishwa kwa urahisi. Herufi za bei ya chini mara nyingi huja na faini. Baadhi hazibadiliki hata kidogo.

Na faini si mwisho wa hesabu. Nafasi za herufi yake zikiwa zimekwisha kwenye ndege ya tarehe mpya, msafiri huongeza pia tofauti ya nauli, ambayo mara nyingi ndiyo inayouma zaidi. Mashirika ya ndege ya Marekani, United, Delta na American, yalipofuta faini kwenye tiketi zao nyingi mwaka 2020, tofauti ya nauli ilibaki palepale.

Mabadiliko yaombwe kabla ndege haijaondoka. Asiyetokea uwanjani bila taarifa anaweza kupoteza thamani yote iliyobaki. Aliyenunua kwa wakala kwa kawaida hurudishwa kwa wakala huyohuyo, naye huwa na ada yake.