Beni-Butembo: Mtoto wa Kimbuti na mlango wa chuo kikuu, haki ianzie wapi?

Sheria ya kulinda Wambuti na watu wengine wa asili ya msituni ilitiwa sahihi na Rais Félix Tshisekedi tarehe 15 Julai 2022. Inagusa ardhi na misitu, afya, haki mbele ya mahakama na masomo. Katika mji wa Butembo na eneo la Beni, ambako vyuo vikuu ni vingi na Wambuti ni majirani wa siku zote, sheria hiyo imeleta swali linalogawanya wazazi: je, kijana wa Kimbuti apewe nafasi ya pekee ya kuingia chuo kikuu, au apange mstari kama wengine wote?

Butembo ni mji wa biashara, lakini pia ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, kilianzishwa mwaka 1989. Mjini Beni, Chuo Kikuu cha Kikristo chenye Lugha Mbili, UCBC, kilifungua milango mwaka 2007. Kuna pia vyuo vya serikali vya ualimu, afya na ufundi. Kila mwaka vijana wanashuka kutoka vijijini, wanapangisha vyumba Kimemi, Vulamba, Mususa au Bulengera, na kusubiri pesa za wazazi kutoka shambani.

Katika kundi hilo, kijana wa Kimbuti ni nadra kuonekana.

Mlango hauna mlinzi, una bei

Wengi wanapozungumza juu ya upendeleo wa masomo, wanafikiri juu ya Marekani. Kule vyuo vikubwa vinachagua wanafunzi wachache kati ya maelfu, na tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilivikataza vyuo kutumia rangi ya ngozi kama kigezo, katika kesi iliyohusu Chuo Kikuu cha Harvard na kile cha North Carolina. Kule ugomvi ni juu ya kiti: akikipata huyu, yule anakikosa.

Kwetu mambo ni mengine. Kinachotakiwa kwanza ni diploma ya serikali, ile inayopatikana kwa mtihani wa taifa mwishoni mwa sekondari, mtihani uliopo tangu mwaka 1967. Kitivo kimojawapo, kama cha utabibu, kinaweza kuongeza mtihani wake. Lakini kwa sehemu kubwa ya masomo, mwenye diploma na pesa anaandikishwa.

Neno zito hapo ni pesa. Kuna za kujiandikisha, kuna ada ya mwaka, kuna kodi ya chumba, chakula, vitabu na usafiri. Katika vyuo vingi asiyemaliza kulipa hazuiliwi siku ya kwanza. Anazuiliwa siku ya mtihani. Kwa hiyo kumpunguzia Mmbuti alama za kuingia ni kumfungulia mlango ambao haukufungwa kwa alama. Kinachomzuia ni bei, na kabla ya bei kuna safari ndefu ambayo wengi hawaimalizi.

Safari inakatika mapema

Mtoto wa Kimbuti anapoteza njia mapema, katika shule ya msingi. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali haina malipo, kama Katiba inavyotaka katika ibara ya 43. Hiyo ilisaidia. Lakini daftari, nguo ya shule na viatu bado ni juu ya mzazi, na sekondari inaendelea kulipwa. Familia inayoishi kwa kuwinda kwa nyavu, kukusanya asali na kulimia wengine kwa ujira mdogo inategemea mikono ya kila mtu, hata ya mtoto. Majira ya asali yakifika, familia inaingia msituni na mtoto anakwenda nayo. Akirudi, darasa limekwisha kumwacha.

Kuna pia mambo ya makaratasi. Sheria ya familia inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto kwa afisa wa hali ya kiraia bila malipo. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, na mahakama ni mjini. Mzazi aliyezalisha kambini, mbali na ofisi yoyote, anamwacha mtoto bila cheti cha kuzaliwa. Upungufu huo hauonekani sana katika mwaka wa kwanza wa shule. Unaonekana wakati wa kuandikishwa kwa mtihani wa taifa.

Na kuna dharau. Jina « mbilikimo » bado linatumiwa kama tusi uwanjani mwa shule. Mtoto anayechekwa kila asubuhi hahitaji kufukuzwa, anaondoka mwenyewe.

Vita vimezidisha yote. Mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003, wakati wa operesheni iliyoitwa « Effacer le tableau », Wambuti wengi wa Mambasa, mkoani Ituri, waliukimbia msitu na kuhamia upande wa Beni. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayobebeshwa waasi wa ADF yamefanya msitu wa pande za Mbau, Oicha na Eringeti kuwa mahali pa kifo. Watu walioishi kwa msitu wamejikuta pembezoni mwa barabara, bila msitu na bila shamba.

« Na mtoto wangu, je? »

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mkulima aliyefukuzwa Eringeti naye hana shamba. Mjane wa Oicha naye hana pesa za shule. Katika eneo hilihili Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, iliua zaidi ya watu 2,200, wakiwemo walezi wa watoto waliokuwa shuleni. Mzazi wa namna hiyo akisikia kwamba Wambuti watapewa msaada wa pekee, anauliza kwa nini umaskini wa jirani uhesabiwe na wake usihesabiwe. Ni swali la haki, halifai kujibiwa kwa kelele.

Katiba yenyewe inabeba pande zote mbili. Ibara ya 13 inakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa katika masomo kwa sababu ya kabila au asili yake. Ibara ya 51 inaipa serikali wajibu wa kulinda na kuinua vikundi dhaifu na watu wachache. Hazipingani: ya kwanza inakataza kumfungia mtu mlango, ya pili inataka asiyeweza kuufikia asaidiwe kuufikia.

Tofauti iko hapa. Mtoto wa mkimbizi amepoteza alichokuwa nacho, lakini mara nyingi ana mjomba aliyesoma, shangazi mwalimu, au jamaa mfanyabiashara Butembo wa kumkopesha. Mtoto wa Kimbuti mara nyingi ndiye wa kwanza katika ukoo kushika kalamu. Hana wa kumweleza kitivo ni nini, wala wa kumpokea mjini. Wote wawili wana haki ya kusaidiwa, lakini si kwa njia moja.

Somo la kale na somo la jirani

Wazee wa hapa hawapendi neno « kota », na wana sababu. Katika miaka ya 1970, baada ya Mobutu kuunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, mwaka 1971, nafasi ziligawanywa kwa mikoa. Nia iliyotangazwa ilikuwa kusawazisha sehemu zilizobaki nyuma. Kwa mikoa iliyokuwa na wanafunzi wengi waliofaulu, Kivu ikiwa mojawapo, matokeo yalikuwa machungu: kijana mwenye alama nzuri aliweza kubaki nyumbani kwa sababu fungu la mkoa wake limejaa. Mgao uliowekwa kutoka juu uliacha kinyongo ambacho hakijaisha.

Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, ilijaribu njia nyingine. Tangu mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kiliwaongezea wasichana alama 1.5 wakati wa kuomba nafasi. Idadi ya wasichana ilipanda. Lakini wakosoaji walionyesha kwamba waliofaidika zaidi walitoka katika familia zenye uwezo na shule nzuri. Msichana maskini wa kijijini hakuwa amefika hata kwenye mtihani. Baadaye nchi hiyo iliweka nafasi za wilaya katika ufadhili wa serikali, na malalamiko yakazuka kwamba waliosoma katika shule kubwa za mjini walidai wilaya za mbali ili kuchukua nafasi za wenyeji.

Yote mawili yanatuhusu. Msaada unaotolewa mlangoni tu unamfaa aliyekwisha kufika mlangoni. Na msaada usio na uangalizi unazaa wenyeji wa uongo: hakuna kitakachozuia mtoto wa tajiri kugeuka Mmbuti siku ya kujiandikisha.

Kinachoweza kufanyika

Haki kwa kijana wa Kimbuti haihitaji kupunguza alama za diploma, wala kumnyang'anya mtu kiti. Inahitaji mambo manne, na yote yanaweza kuanza hapa.

La kwanza ni vyeti: mahakama ziende Oicha, Mbau na Mangina kusikiliza kesi za watoto wasioandikishwa, pasipo gharama kwa wazazi. La pili ni sekondari: mabweni ambamo mtoto anabaki wakati familia imeingia msituni, na walimu wanaoadhibu matusi ya kikabila. La tatu ni chuo: kwa wale wachache walio na diploma tayari, kusamehewa ada na kupewa mahali pa kulala. Kwa kuwa ni wachache, mzigo si mkubwa kwa chuo, na hakuna mwanafunzi mwingine anayepunguziwa chochote. La nne ni uwazi: majina yathibitishwe na Wambuti wenyewe katika kambi zao, kisha orodha ibandikwe hadharani.

Pembeni ya hayo, mfuko wa wakimbizi na mayatima uwe wazi kwa kila kabila, ukipima umaskini tu. Kwa njia hiyo mjane wa Oicha hatalazimika kumwona Mmbuti kama mpinzani wa mtoto wake.

Sheria ya 2022 imekwisha kusema nani anastahili kulindwa. Linalobaki ni swali: nani atalipa ada ya mwaka wa kwanza? Jibu hilo linasubiriwa kwa serikali ya mkoa, kwa maaskofu na wachungaji wenye vyuo, na kwa wafanyabiashara wa Butembo, ambao wamezoea kujenga kwa mikono yao kile ambacho Kinshasa inachelewa kuleta. Vijana walio na diploma mkononi hawana miaka mingi ya kungoja: asiyeandikishwa mwaka huu, mwaka ujao huenda amekwisha kurudi kulimia watu.