KUJIAMINI HAKUPATIKANI UBAONI

Mtinko iko kaskazini ya mji wa Singida, katika nchi kavu ya bara, ambako watu hungojea msimu mmoja tu wa mvua ili walime mtama na alizeti. Kijana wa huko na kijana wa Makunduchi au Wete wametengwa na bahari, lakini wapo wengi, huko na huku, wanaomaliza shule wakiwa na cheti mkononi huku wakiogopa kusimama mbele ya watu na kutoa hoja.

Jambo hili lilionwa zamani. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu imjengee kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kujiamini kwa raia aliye huru na sawa na wenzake. Shamba la shule lilikusudiwa kuwa mahali pa wanafunzi kupanga wenyewe na kuonja faida au hasara ya uamuzi wao. Ni masikitiko kwamba mahali pengi jembe liligeuzwa adhabu ya mchelewaji.

Wenzetu wa Kenya walianzisha Tuzo ya Rais mwaka 1966. Humo kijana huitumikia jamii, hujifunza ufundi, hufanya mazoezi, na husafiri nyikani pamoja na wenzake. Hashindani na mtu. Hujipima kwa lengo lake mwenyewe. Sisi tunayo mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyorejeshwa mwaka 2013 baada ya kusitishwa mwaka 1994. Ni mema, lakini humfikia kijana baada ya kidato cha sita, na wengi hawafiki huko.

Kwa maoni yetu, kazi hii ianze mapema, nayo haihitaji fedha nyingi. Singida ina majabali ya kupanda; Pemba ina msitu wa Ngezi. Wanafunzi wapange safari wenyewe, mwalimu akiwalinda. Wachague kazi moja ya kijiji, kama kupanda mikoko au kusafisha kisima. Kila mmoja, msichana kwa mvulana, awe na mradi wake: mzinga wa nyuki, kuku wachache au kamba za mwani, na mwisho wa mwaka awasomee wazazi hesabu yake.

Tunawaomba maofisa wa elimu watenge saa za kazi hiyo katika ratiba, na mavuno yabaki kwa waliyoyatolea jasho. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea kwa amri tupu, tusishangae akikua akingojea amri.